Radi ya Adhuhuri

Wapendwa, kaeni niwape habari za nyumba moja ya upande wa Ihumwa, zamani za Mjerumani, wakati gari moshi lilikuwa halijafika Dodoma. Nyumba hiyo haikuwa na mwizi wala mgomvi. Ugonjwa wake ulikuwa wa aina ambayo watu huuona mdogo: mwenye nyumba hakujua kukaa na wakati. Ukiwapo aliuacha upite, na ukishapita aliukimbilia mbio mpaka akajikwaa. Kama ugonjwa huu haupo kwenu, mshukuruni Mungu, halafu msikilize kwa ajili ya jirani.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Anyesi alikuwa amekwisha kutwanga na kupepeta, na binti yake mdogo, Lydia, alikuwa akifukuza kuku waliokuja kudonoa pumba. Mama mkwe alikaa kwenye kivuli cha ukuta wa tembe, nyumba yao ya paa bapa la udongo, akichambua kunde, akiimba wimbo ambao maneno yake alikuwa ameyasahau nusu. Mume, Matonya, alikuwa amejinyoosha juu ya ngozi ya ng'ombe.

Matonya hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mkewe, na mke alipobatizwa hakumzuia. Yeye mwenyewe alikwenda kanisani siku akipenda, akakaa karibu na mlango, ili, kama alivyosema, mahubiri yakirefuka asisumbue watu wakati wa kutoka. Lakini kiangazi chote kazi yake ilikuwa moja: kwenda penye pombe kusikiliza habari, na kurudi na habari. Shamba halikufyekwa. Paa la tembe lilikuwa na ufa, naye aliutazama ule ufa kila asubuhi akisema, "Kesho nitapandisha udongo."

Jua lilipofika utosini, mngurumo ukasikika upande wa mashariki, nyuma ya vilima. Ukanyamaza. Ukanguruma tena, mzito, hata kuku wakainua vichwa.

Matonya aliruka kutoka kwenye ngozi kama aliyeumwa na siafu.

"Mama Lydia! Umesikia?"

"Nimesikia, Baba Lydia. Ila sikuona umeme. Na mbingu, tazama, hata wingu hakuna."

"Umeme wa mchana utauona wapi? Hebu niambie, mimi naitwa nani?"

"Matonya."

"Na kwa nini naitwa Matonya?"

"Kwa sababu ulizaliwa matone ya mvua yakidondoka."

"Basi! Mtu aliyepokelewa na mvua hafundishwi habari za mvua na mtu aliyezaliwa kiangazi."

Mama yake akacheka huku akitupa kunde mbovu. "Ulizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo. Lakini si wewe uliyeiita. Na aliyelowa ni mimi."

Hapa ni lazima mwelewe desturi. Mvua ya Ugogo ni chache, na hutoka mashariki. Wengi wa wazee wetu, radi ya kwanza ikisikika upande ule, walitia mbegu ardhini ardhi ingali kavu, ili mvua ikifika izikute tayari. Desturi hiyo haikuwa ya kijinga, imelisha watu wengi. Lakini Matonya alikuwa na jambo jingine moyoni. Mwaka uliopita alikuwa wa mwisho kupanda, na vijana wakamtungia wimbo ngomani. Aliapa kwamba mwaka huu atakuwa wa kwanza. Mnaona? Aliyelala miezi yote sasa hakuweza kungoja hata jua moja lichwe.

Akaingia ndani, akatoka na kilindo, lile pipa la gome la mti walilowekea mbegu za uwele, za shamba lake kubwa na za shamba dogo la mkewe. Mbegu nyingine hawakuwa nazo. Zikipotea hizo, hakuna mavuno, na nyumba ile ingekula nini mwaka mzima?

"Baba Lydia," akasema Anyesi taratibu, "shamba halijafyekwa. Mbegu utazitia juu ya magugu?"

"Magugu yatakufa."

"Tungoje basi tuone mawingu."

"Tungoje, tungoje! Wenzetu wakila sisi tutakuwa tunangoja."

Anyesi akapiga goti. "Wewe ndiwe mwenye nyumba, sikukatazi. Nakuomba tu mbegu za shamba langu uniachie. Nitazipanda mwenyewe wakati ukifika."

"Na wewe ni nani hata uujue wakati?"

"Siujui. Ndiyo maana nataka kungoja."

Matonya alitaka kucheka, lakini mama yake akaacha kunde zake. "Mpe. Tangu lini mwanamume akapanda shamba la mkewe bila kuombwa? Wataka watu waseme sikukulea?"

Basi akampimia, huku akinung'unika kwamba mwaka huu uwele wa mkewe utapandwa na malaika. Anyesi akachanganya mbegu zake na majivu, akazitia katika kibuyu, akaziba mdomo kwa mavi ya ng'ombe, akakitundika juu, mahali ambapo kila aingiaye angekiona.

Kesho yake Matonya alikuwa shambani kabla ya wote, akirusha mbegu kati ya magugu kama mtu anayelisha kuku. Jirani mmoja alipomwona, akachukua kilindo chake. Wa pili alipomwona wa kwanza, hakuuliza. Adhuhuri radi ikanguruma tena, na Matonya akapiga yowe la furaha: "Inaniitikia!"

Siku iliyofuata, adhuhuri, ikanguruma tena.

Anyesi akasimama na mchi mkononi. "Mama, hii radi gani? Inangoja jua lifike utosini kila siku, kama mtu anayesubiri chakula."

Mama mkwe alikuwa hajajibu, sauti ikabisha nje na kuamkia kwa Kigogo. "Hodi wenyewe! Mbukwa, mama."

Alikuwa Mbwana, mchuuzi wa Kondoa, mtu mnene, mcheshi, Mwislamu mshika sala zake, aliyewauzia watu wa kambi ya reli asali na tumbaku. Alikuwa akirudi kwao na punda wake wawili.

"Mbukwa, Mbwana. Karibu maji," akasema Anyesi. "Mvua huko utokako imenyesha sana?"

"Mvua gani?"

"Hii inayonguruma."

Mbwana alikuwa amekwisha kutia maji kinywani. Akacheka mpaka yakammwagikia kifuani. Kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka, akajifuta kifua.

"Nisamehe, dada. Ile si radi, ni baruti. Wanapasua mwamba ili reli ipite. Asubuhi wanatoboa matundu, na adhuhuri watu wakiondoka kwenda kula, ndipo wanawasha. Mvua! Huko hakuna wingu hata la kumfunika panzi."

Anyesi hakungoja amalize. Alikimbia na khanga yake ikimwanguka begani, akamkuta Matonya amekiinamisha kilindo, akikipiga tako ili punje za mwisho zitoke.

"Baba Lydia, simama! Si radi! Ni baruti ya Mjerumani!"

Mkono wa Matonya ukabaki hewani. "Nani kasema?"

"Mbwana, mchuuzi."

"Mtu wa Kondoa anajua nini habari za mvua ya Ugogo?"

"Hajui mvua. Anajua baruti. Ametoka huko."

Matonya akaangalia shamba. Akaangalia jirani zake, waliokuwa wamesimama kumsikiliza. Angeweza hata wakati ule kuziokoa punje zilizobaki. Lakini watu walikuwa wakimtazama. Akakipiga kilindo tena, kwa nguvu, zikatoka zote.

"Mvua itanyesha," akasema. "Msinisumbue."

Kilichofuata mnaweza kukikisia. Kanga na njiwa walikuja asubuhi, sisimizi walifanya kazi kutwa. Halafu kikapita kimvua kidogo cha kulowesha vumbi. Punje zilizosalia zikadanganyika, zikachipua, watu wakaimba. Jua likarudi kwa ukali wake, na vile vichipukizi vikakauka vikawa kama nywele za mzee. Matonya alikaa ndani. Hakwenda hata penye pombe, maana huko sasa habari ilikuwa ni yeye.

Jumapili moja Anyesi alikwenda kanisani amechoka moyo. Kanisa lilikuwa kibanda cha miti na udongo, na mwalimu alikuwa Nikodemo, Mgogo mwenzao aliyesomeshwa na misheni. Siku hiyo alifundisha kwamba Mkristo anapaswa kuukomboa wakati.

Neno kukomboa watu walilijua vizuri. Njaa ikiwashika, mtu aliweza kumweka mbuzi wake kwa tajiri, au jembe, na wengine, Mungu awarehemu, hata mtoto, mpaka apate kitu cha kwenda kumkombolea. Kwa hiyo Anyesi akauliza, hakuuliza kwa utani:

"Mwalimu, wakati wetu umewekwa kwa nani, hata twende kuukomboa?"

"Kwa Mjerumani!" akadakia Ruthu, mwanamke wa boma la jirani, na wanawake wakaangua kicheko.

"Ruthu, wewe askari watakusikia," akasema Nikodemo, naye akicheka. Kisha akamgeukia Anyesi. "Dada, umeniuliza jambo ambalo sikujiuliza mwenyewe. Kaombe. Ukijibiwa, uje unifundishe."

Njia nzima Anyesi aliliwaza, na kabla ya kufika nyumbani alikuwa amelijua. Wakati wa nyumba yake ulikuwa umeshikwa na mabwana wawili. Uvivu ulichukua kiangazi chote. Kisha Papara ikaja ikadai kilichobaki. Na mabwana hao hawalipwi kwa kukimbia. Wanalipwa kwa kuifanya kazi ya leo leo, na ile isiyo ya leo kuiacha mikononi mwa Mungu. Kuleta mvua haikuwa kazi yake. Kufyeka ilikuwa kazi yake.

Basi tangu Jumatatu mngemwona! Aliamka, akaomba kwa ufupi, maana alisema Mungu hana haja ya kucheleweshwa shambani. Kungali baridi alifyeka na kuchimbua shamba lake. Jua likipanda, alipandisha udongo juu ya paa, mama mkwe akimsogezea vikapu. Jua likishuka, alikwenda mbugani kukwangua udongo wa chumvi, akauchuja, akachemsha, na chumvi ile akaipeleka kambini kubadilisha na unga. Jumapili jembe lililala. Hakukimbia, wala hakukaa bure.

Waliopita walimtania. "Anyesi, unalimia vumbi?"

"Nalimia mvua."

"Mvua ipi?"

"Ya Mungu. Ya Mjerumani mmekwisha kuipandia."

Lakini, wapendwa, msidhani ilikuwa rahisi. Chumvi haikuleta unga wa kutosha. Chakula kikapungua, wakala mlenda bila ugali, kisha mlenda mchache. Siku moja mchana Lydia alilia njaa mpaka sauti ikakwama. Matonya akainuka, akasimama chini ya kile kibuyu.

"Mtoto analia, nawe umeficha chakula."

"Sikukificha. Kiko hapo unakiona kila siku. Na si chakula."

"Uwele ni uwele!"

"Tukiupika leo, Lydia atalia tena keshokutwa. Na mwaka ujao atalia pasipo mtu mwenye nguvu za kumbembeleza." Anyesi hakumwondolea macho. "Wewe ni baba yake. Ukisema tupike, kitungue ukivunje mwenyewe, sitakushika. Ila mkono wangu hautakivunja."

Matonya akanyoosha mkono, akakishika. Kwa nje kilisikika kicheko cha watu wanaopita. Mama yake, aliyekuwa amelala kwa udhaifu, akainua kichwa.

"Mwanangu," akasema, "mara moja tu maishani mwako, ngoja."

Mkono ukakaa pale, ukakaa. Kisha akauachilia, akatoka nje. Anyesi akaketi chini, akamshukuru Mungu kwa machozi. Alidhani mumewe amekwenda kutafuta pombe.

Jua lilipokuwa linapoa, Matonya alirudi. Alikuwa amebeba mtumba wa udongo wa chumvi hata shingo imemwingia mabegani. Akautua mbele ya mkewe.

"Nionyeshe unavyochujwa," akasema. "Na usinihimize, mimi ni mwanafunzi."

Tangu siku hiyo walikuwa wawili wenye kuchemsha chumvi, na unga ukaongezeka kidogo, ukawatosha kushika roho.

Mvua yenyewe ilikuja alasiri moja. Upepo uligeuka kwanza. Mawingu meusi yakapanda, umeme ukakata mbingu, ndipo radi ikafuata. Maji yakamwagika. Watu wakacheza uani, Lydia akitanua mdomo kuyapokea. Tembe la Anyesi halikuvuja. Matonya akawa anarukaruka mlangoni.

"Sasa! Kibuyu! Tupande!"

"Iache ardhi inywe, Baba Lydia."

"Lakini..." Akajikamata mwenyewe. Akakaa. Mama yake alisema baadaye kwamba kukaa kule kulikuwa kugumu kuliko kazi zote alizowahi kufanya.

Kesho yake Anyesi alichimba shambani kwa mkono. Udongo ulikuwa umelowa hata chini kabisa. Akapiga magoti akaomba, kisha akavunja muhuri wa kibuyu. Yeye alichimba mashimo, mama mkwe akatia mbegu, Lydia na baba yake wakafukia.

Uwele ukaota kama manyoya ya kifaranga, mzito katika kila shimo. Ndipo watu wa jirani wakaanza kuja. Mbegu zao zilikuwa zimeliwa na ndege, mashamba yao yalikuwa magugu matupu, nao walikuwa wametafuta mbegu kila mahali wasipate. Ruthu alikuja wa kwanza, kikapu kitupu mkononi, asijue aanzie wapi.

Anyesi alikuwa anajua la kufanya. "Nitaupunguza," akasema. "Kila shimo nitaacha miche michache, na mingine tutaing'oa kwa udongo wake. Njooni siku ya manyunyu, tuihamishe kabla jua halijaiona. Itachelewa kukomaa, lakini itakomaa."

Wakaja. Hata wale waliomcheka walikuja, na hakuwakumbusha kitu. Akawagawia, vikapu vikapu, huku mvua ikiwanyeshea wote.

Walipokwisha kuondoka, Matonya alikuwa bado amesimama kando, mikono nyuma.

"Na mimi, Mama Lydia?"

"Shamba lako ni kubwa. Utaliweza?"

"Nitaanza na kona moja."

Akachukua kikapu, akaenda. Alifyeka kona, akapiga magoti kwenye tope, akachimba kwa kidole, akauweka mche, akaushindilia kwa vidole viwili. Akachukua mwingine. Wazee waliokuwa wakipita wakasimama.

"Matonya! Juzi ulipanda shamba lote kwa siku mbili. Leo unabembeleza mche mmoja mmoja kama unamlaza mtoto?"

Matonya hakuinua kichwa. "Piteni," akasema, "lakini piteni taratibu, msije mkanikanyagia."

Alimaliza kona ile, akaanza ya pili, na mvua za siku zilizofuata zilimkuta pale pale. Shamba lote hakulimaliza. Wakati wa mavuno uwele wa Anyesi ulijaza kilindo, na wa Matonya ulifika nusu. Akaula ule wake nusu kwa heshima kubwa, na mwaka uliofuata shamba lake lilifyekwa kiangazi kingali kichanga.

MAFUNZO

Ndugu zangu, tumezoea kudhani kwamba mwenye haraka na mvivu ni watu wawili. Katika nyumba ya Matonya walikuwa mtu mmoja. Haraka yake ilizaliwa na uvivu wake, na ukimwona mtu anakimbia hovyo, mara nyingi kuna kazi aliyoilalia.

Tena, kungoja kwa Mkristo si kukaa. Anyesi alingoja huku paa linazibwa, shamba linafyekwa, chumvi inachemka. Mvua ilipokuja haikumkuta anatafuta jembe. Tumwombe Mungu mvua, lakini yeye naye anatutazama kama tumefyeka.

Tusikimbilie kila mngurumo. Siku hizi pia ipo mingi: jirani amefanya, nasi tufanye, wenzetu wametangulia, nasi tutaachwa. Uliza kwanza kwa yule aliyetoka huko, hata kama si wa kabila lako wala wa dini yako.

Kina mama wenzangu, nanyi mwone alivyosema na mumewe: hakumdanganya, hakumtukana, wala hakunyamaza. Na kina baba, mtu akikosea si lazima akipige kilindo mpaka punje ya mwisho kwa sababu watu wanamtazama. Anaweza kusimama na punje chache mkononi akasema, "Nimekosea." Hizo chache Mungu anajua kuziotesha.

Siku ya leo mmepewa. Ifanyieni kazi yake, ikiisha mlale kwa amani.